Kila 20 Aprili tunapiga muziki wake ufukweni

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa Maskati. Nimezaliwa hapahapa, wazee wangu wametoka Unguja. Mchana niko ofisini, na siku za mapumziko napiga muziki kwenye harusi na sherehe za watu. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hapakaliki, na chanzo ni marehemu ambaye hata hatukujuana naye.

Avicii unamkumbuka? Yule Mswidi wa "Wake Me Up", wimbo ambao mwaka 2013 hukukaa mahali bila kuusikia. Jina lake la kuzaliwa ni Tim Bergling. Alikuja huku Oman kupumzika, na tarehe 20 Aprili 2018 akafariki hapahapa Maskati, ana miaka 28. Mimi wakati ule nina miaka ishirini, ndio kwanza nimenunua mashine yangu ya kupigia muziki, tena ya mkono wa pili, kitufe kimoja hakifanyi kazi. Mtu ambaye kazi hii nimejifunza kwa kumsikiliza yeye, nasikia amekufa katika mji wangu, mwendo mfupi tu wa gari kutoka chumbani kwangu. Ilinikaa vibaya.

Mwaka uliofuata tukajikusanya watu wanane ufukweni Qurum, spika moja na mishkaki. Tukapiga nyimbo zake mpaka saa sita usiku. Tangu hapo imekuwa ada yetu, ukiondoa mwaka wa korona. Mwaka jana tulifika kama watu 60, na humo mna watoto wa skuli wa miaka 15, 16, wanaokuja na kaka zao.

Mwaka huu mwenzetu mmoja katengeneza bango. Picha ya Avicii nyeusi na nyeupe, mshumaa, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, na chini maneno "Umepumzika sasa". Wengine wanataka twende kwanza pale alipofikia tukaweke maua, kisha ndio tushuke ufukweni. Nikaliweka bango kwenye stetasi. Haikupita nusu saa mama akaniita sebuleni: "Nyinyi mnamsomea maulidi mtu aliyejiua?" Nikamwambia hatusherehekei kifo, tunakumbuka kazi yake. Akasema mtu wa namna ile hasifiwi, anasitiriwa, basi. Dada yangu ni nesi, yeye dini hakuitaja. Alisema watoto wakiliona lile bango watajifunza kitu kimoja tu: kwamba ukifa vile, watu 60 watakuwashia mshumaa.

Ningeshikilia msimamo wangu, Shangazi, lakini kuna jingine. Katika wale wanane wa mwanzo yumo rafiki yangu ambaye kaka yake alijiua Unguja mwaka juzi. Kwao walisema ni moyo, na sisi tukajifanya tumeamini. Mwaka jana yeye ndiye aliyebeba spika, akawasha makaa, akachoma nyama. Ulipofika wakati wa kunyamaza dakika moja sikumuona. Nikamkuta kwenye gari, mlango wazi, miguu nje, anakung'uta mchanga kwenye kandambili. Anaivaa, anaivua, anaikung'uta tena. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Joto." Nikarudi kwenye muziki. Mpaka leo hatujalizungumza.

Sasa tunakosea? Mama ana haki? Na tukiacha, si tutakuwa tumemtupa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuchoka tu? Mimi kuchoka kule nakuelewa, na mwaka huu nami natimiza 28.

Mpiga Muziki, Maskati

Jibu la Shangazi

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Mama yako katumia neno moja zuri kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako: kusitiri. Wewe umelisikia kama kufuli. Hebu tulitazame vizuri, kwa sababu watu wengi wanalichanganya na kuficha, na hapo ndipo mlipokwama nyote wawili.

Kumsitiri marehemu ni kutosimulia alivyokufa. Kumficha ni kutomtaja kabisa. Wazazi wa huyo Avicii walilijua hilo bila kujua neno letu. Siku sita baada ya kifo, tarehe 26 Aprili 2018, familia ilitoa barua kwa watu wote. Walieleza kwamba kijana wao alikuwa akihangaika na maswali mazito juu ya maana ya maisha na furaha, kwamba ilifika pahala hakuweza kuendelea, alitaka amani. Alikufaje? Barua haikusema neno. Mazishi wakayafanya wenyewe na watu wao wa karibu. Sitara gani zaidi ya hiyo unaitaka?

Lakini hawakumficha. Mwaka 2019 wakaanzisha taasisi yenye jina lake, Tim Bergling Foundation, ya kushughulikia afya ya akili ya vijana na kuzuia kujiua. Mwezi Juni mwaka huohuo ikatoka albamu aliyokuwa akiitengeneza kabla ya kufa, na mapato yakapelekwa kwenye taasisi. Tarehe 5 Desemba 2019 likafanyika tamasha kubwa la kumkumbuka katika uwanja wa Friends Arena, Stockholm. Na 2021 ukumbi mkubwa wa duara wa mji ule, ambao wenyeji waliuita Globen, ukapewa jina la Avicii Arena. Sasa hesabu miezi, mwanangu: Juni, Desemba, na ule wa ukumbi ulikuwa Mei. Aprili haimo. Wenye msiba wenyewe, katika makubwa yao yote matatu, hakuna walilolipanga siku aliyokufa. Nyinyi wa Qurum mmeng'ang'ania tarehe gani?

Sikulaumu kwa mwaka ule wa kwanza. Msiba mbichi hauulizwi maswali. Siku ya pili tu watu walijaa uwanjani katikati ya Stockholm wakicheza nyimbo zake huku wanalia, na wiki ileile kengele za mnara wa Dom kule Utrecht, Uholanzi, zikapigwa kwa nyimbo zake. Mnara wa kanisa wa karne na karne, unapiga muziki wa disko! Nikiwaza hilo hucheka, kisha machozi yananilenga. Ila huzuni ya wiki ya kwanza ni kitu kimoja, na ada ya kila mwaka yenye bango na watoto wa skuli ni kitu kingine.

Hapo naja kwa dada yako, ambaye ana haki kubwa kuliko anavyojua. Alipojiua mwigizaji Robin Williams, Agosti 2014, watafiti wa Marekani walikuja kuhesabu vifo vya kujiua vya miezi iliyofuata mpaka Desemba, wakakuta vimezidi matarajio kwa karibu asilimia 10. Habari zake zilikuwa zimesimuliwa kwa marefu na mapana, pamoja na namna alivyokufa, na waliosikia hawakuwa sawa wote. Wapo waliosikia habari, wapo waliosikia njia.

Lakini usikimbilie kufunga spika. Kisa ninachokipenda ni cha Seattle, Marekani. Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, alijiua tarehe 5 Aprili 1994, ana miaka 27. Tarehe 10 maelfu ya vijana wakakusanyika katikati ya mji. Pale ikapigwa sauti iliyorekodiwa ya mjane wake, Courtney Love, akisoma sehemu za barua aliyoiacha mumewe. Hakuisoma kama qasida. Aliisoma akigombana nayo, mstari kwa mstari, analia, anatukana, anamwambia marehemu kwamba hapa umekosea na hapa umedanganya. Watu wa heshima hawakupenda. Mimi nadhani mwanamke yule aliokoa watu siku ile, maana hakuna kijana aliyeondoka pale akidhani kujiua ni kuzuri na kunaacha watu wametulia. Watafiti waliogopa vifo vitaongezeka mjini, havikuongezeka. Kilichoongezeka ni simu za watu wanaopiga kituo cha msaada kuomba kusikilizwa. Hata hivyo, nisikufiche, kijana mmoja wa miaka 28 alitoka kwenye mkusanyiko ule, akarudi kwake, akajiua. Katika maelfu, mmoja. Lakini huyo mmoja naye alizaliwa na mama, na nyinyi mko 60.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: kumkumbuka hamkosei. Bango ndilo linalokosea.

Liondoeni. Mshumaa uende, tarehe ya kufa iende, na yale maneno "Umepumzika sasa" yaende kabla ya yote. Mzazi akisema mwanawe alitaka amani, ana haki, amemzaa yeye. Wewe ukimwandikia hivyo mtoto wa miaka 15 ambaye jana kafeli mtihani na baba kamfokea, umemwambia kuna mahali pa kupumzikia na umemwonesha mlango. Na maua pale alipofikia, hapana, hapana kabisa. Mtakuwa mnakwenda kuzuru kifo. Pale pana watu wanafanya kazi, wanatandika vitanda, hawajaomba kukumbushwa kila mwaka.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1989. Ihamishieni huko. Najua Maskati mwezi wa tisa mtu unatembea kama uko ndani ya sufuria la wali, lakini mishkaki mtakula hivyohivyo. Tena ni siku mbili kabla ya 10 Septemba, siku ambayo dunia imeiweka kwa ajili ya kuzuia kujiua, kwa hiyo kama mtataka kumwita daktari au huyo dada yako aongee robo saa, halitakuwa jambo la ajabu. Robo saa tu, kisha muziki.

Na hao wadogo muwasimulie ukweli wake, usiwe wa malaika. Kwamba alikuwa mtundu wa sauti tangu kijana, akiunda nyimbo chumbani kwake. Kwamba pombe na safari vilimlaza hospitali ana miaka 22, kongosho limeumia. Kwamba mwaka 2016 aliacha maonyesho ya jukwaani kwa kuwa mwili na akili vilikataa. Ila usimalizie kwa kusema "alichoka tu", kama ulivyoniandikia. Hakuna anayekufa hivyo kwa sababu moja, na ukiwapa watoto sababu moja kila mmoja ataipima kwake: mimi pia nimechoka. Waambie kulikuwa na maradhi, na maradhi yana matibabu, na wapo wengi waliofika ukingoni wakarudi, leo wanalea wajukuu. Kuna rapa wa Marekani, Logic, aliyetoa wimbo 2017 wa mtu anayetaka kufa, anapiga simu ya msaada, mwishoni anabaki hai. Jina la wimbo ni namba yenyewe ya simu. Watafiti walikuja kukuta kwamba katika siku 34 ambazo wimbo ule ulivuma zaidi, simu zilizidi kwa karibu 10,000, na vifo vilipungua kwa 245 chini ya matarajio. Muziki uleule, mada ileile, ila hadithi imepindishwa pale mwisho.

Sasa rafiki yako wa kandambili. Kuhusu Avicii ningeweza kukujibu kwa mistari mitano. Ni huyu aliyenifanya niandike marefu.

Mwanangu, mgeni wa Stockholm mmemwashia taa miaka yote hii. Kaka wa rafiki yenu, mtoto wa Unguja, ambaye huenda wengine wenu mlikula naye futari, hajatajwa jina hata mara moja. Mkampa ndugu yake makaa achome nyama, kisha mkamwambia anyamaze dakika moja kwa ajili ya Mswidi. Angekwenda wapi kama si garini?

Kwao walisema moyo, na siwalaumu. Huku Tanzania Bara sheria bado inamhesabu kuwa na kosa aliyejaribu kujiua akanusurika; Kenya ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu iliposema kifungu kama hicho kinapingana na katiba. Juu yake kuna majirani, kuna posa za madada, kuna anayeuliza kama maiti ataswaliwa. Mimi si shehe, na fatwa kaziulize kwa wenyewe. Lakini watu wanaishika hadithi moja, ile iliyomo kwenye Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa maiti ya mtu aliyejiua asimswalie, na wanaishia hapo. Hawakuambii kwamba wanazuoni wengi wamesema Waislamu wengine wanamswalia. Wala hawakuambii kwamba katika kitabu hichohicho kuna kisa cha mtu aliyehama pamoja na sahaba Tufayl bin Amr, akaugua, akashindwa kuvumilia, akajidhuru akafa, na Mtume akamuombea Mwenyezi Mungu asamehe mpaka mikono yake. Dhambi ni kubwa, hilo mama yako hakukosea. Dua ndiyo haikukatazwa. Huenda rafiki yako hajawahi kukisikia kisa hiki, na huenda amekaa mwaka mzima akidhani kaka yake haombewi.

Mfuate. Usiende na kundi, na usisubiri Septemba. Mchukue kwenye gari, mwende Seeb kununua samaki au popote pale. Wanaume mnazungumza vizuri zaidi mkiwa mmetazama mbele wote wawili. Mwambie ulichokiona mwaka jana na kwamba ulirudi kwenye muziki, na unajuta. Hilo la moyo usimbane nalo, aliseme au asiliseme. Wewe mtaje kaka yake kwa jina, useme Mungu amrehemu, kisha umuulize alikuwa mtu gani, alipenda timu gani, alikuwa akimchekesha vipi. Akinyamaza, nyamaza naye. Samaki wataoza kidogo, si neno.

Halafu umuulize waziwazi kama na yeye huwa anawaza kufa. Utaona kama unamtia wazo kichwani. Wanaofanya kazi hii wameshasema mara nyingi kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo, kunampa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimuache peke yake, na msake daktari: hapo kwenu kuna Hospitali ya Al Masarra, Al Amerat, na ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos ina madaktari wa akili. Kama hali ni ya saa hiyohiyo, piga namba ya dharura, 9999. Wasomaji wangu wa Unguja wanakijua Kidongo Chekundu, wa bara wanaijua Mirembe na wa Nairobi Mathari, na yale majina tunayotaniana nayo mitaani tuyaache, kule kuna watu wanapona.

Kwa mama yako, nenda ukamwambie bango umelitoa. Usimwambie zaidi. Atakuuliza mwenyewe.

Nimebakiwa na jambo moja. Barua yako ina sentensi ya mwisho ambayo umeipitisha haraka kama mtu anayepita mbele ya wazee: kwamba kuchoka kule unakuelewa, na mwaka huu nawe unatimiza 28. Nimeisoma mara tatu. Inawezekana ni maneno tu ya mtu anayeshinda ofisini na kukesha harusini. Lakini nimekwambia umuulize mwenzio waziwazi, basi na mimi nakuuliza waziwazi: na wewe, mwanangu, huwa unawaza kufa? Kama ndiyo, mwambie dada yako leo, usingoje kesho. Yeye ni nesi, hatashtuka kama unavyodhani. Na mimi nijibu hilo kwanza, ya Septemba tutayapanga baadaye.